Punguza Nyeusi

Mama Kipusa alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa ya kuwatoa wanawake rangi, na hakuwahi kumchubua hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kusafisha picha katika jarida la mitindo, ghorofa ya tatu, meza ya pembeni karibu na choo, mahali ambapo mtu akitaka kupita sharti usogeze kiti. Siku zote alianza na paji la uso. Kisha pembeni mwa pua, kisha chini ya macho, kisha mashavu, na mwisho kabisa shingo. Shingo ndiyo iliyokuwa ikiwaumbua wanagenzi. Mwanagenzi anamng'arisha mtu uso mpaka basi, halafu anamwachia shingo ile ile aliyozaliwa nayo, na msomaji akifungua ukurasa anakuta kichwa cha huyu juu ya mwili wa yule. "Usisahau shingo," ndilo somo la kwanza alilowapa, na kwa wengi likawa la mwisho, maana kwa mshahara ule hawakukaa.

Juu ya kioo cha kompyuta yake ilibandikwa kadi ya rangi yenye vipande kumi na viwili vya ngozi, kuanzia cha kwanza kilichofanana na maziwa hadi cha kumi na mbili kilichofanana na kahawa ambayo maziwa imeyasikia tu kwa jina. Mwanamke wa jalada la mbele hakuruhusiwa kuvuka namba tano. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo mahali popote, na hakuna aliyewahi kuisahau. Wanaume hawakuwa na kadi. Akiletwa mfanyabiashara mwenye mikunjo, Mama Kipusa aliambiwa asiiguse, ile ni busara ya mzee. Akiletwa mwanamke wa rika lile lile, mikunjo ikawa uchafu. Mara moja aliletwa mhandisi, mwanamke aliyejenga madaraja mawili ya maana, na kwenye picha walikuwa wamemlaza kwenye kochi, wamemvua viatu, anaichekea dari.

Watu wa kule alikotoka mumewe nao walikuwemo jaridani, tusiwasingizie. Walitokea kurasa za katikati, zile za safari, wamesimama nyuma ya mwanamitindo, miguu peku, mmoja kabeba mzigo, mwingine kashika kamba ya mbuzi. Chini ya picha liliandikwa jina la mwanamitindo, na aliyeshona gauni, na duka linakouzwa. Wao waliandikwa "wenyeji". Mbuzi naye, bila shaka, alihesabiwa humo humo.

Mumewe huyo, Baba Kipusa, alikuwa akiendesha mtambo wa kuchapa kwenye kiwanda kilichochapa jarida hilo hilo, upande wa pili wa mji. Mtu mweusi tii, mwenye mabega mapana na mdomo usiokaukiwa na masihara. Picha zilitoka kwenye vidole vya mke zikaenda mikononi mwa mume, lakini wawili hao hawakuwahi kuzungumzia kazi. Tangu waoane walikuwa na sharti moja: ya kazini yabaki kazini. Lilikuwa sharti jema, likawapa amani ya miaka ishirini na miwili, mpaka lilipowageuka.

*

Mambo yalianza na miwani. Mama Kipusa aliisahau juu ya meza ya chakula, akabaki ofisini anakodolea kioo kama mtu anayesoma herufi za mchwa, hadi akampigia simu binti yao amletee. Kipusa alikuwa na miaka ishirini, na alikuwa nakala ya baba yake: rangi ile ile, paji lile lile pana, masikio yale yale madogo yaliyolala. Nyumbani walimwita Kipusa kwa mapenzi. Shuleni walimwita Masizi. Alifanya kazi kwenye duka la vitambaa, stoo ya nyuma, akikunja majora. Mwenye duka alimwambia ana mikono mizuri ya kukunja, ndiyo maana hamweki mbele. Mbele aliwaweka wasichana wawili weupe ambao hawakujua kutofautisha pamba na nailoni.

Alipoingia ofisini na miwani mkononi, mpigapicha alikuwa ukumbini. Huyu alikuwa dada mgeni kazini, nywele fupi, asiyejua bado yapi hayasemwi pale. Akamshika Kipusa mkono.

"Madamu! Madamu, njoo uone!"

Madamu ndiye mhariri mkuu. Alitoka ofisini mwake akiwa na kalamu mdomoni.

"Nani huyu?"

"Mwanangu, Madamu," alisema Mama Kipusa akiinuka. "Kaniletea miwani."

"Mwanao wa kumzaa?"

"Wa kumzaa, Madamu."

Madamu akamtazama mama, akamtazama binti, akapiga hesabu kichwani, ikamgomea. "Basi baba yake atakuwa mtu wa kule," alisema.

Kule kulikuwa neno la ofisini. Halikuhitaji ramani.

"Ndiye huyu," mpigapicha alishikilia. "Toleo la 'Sisi Sote', jalada la mbele. Wiki nzima namtafuta, kumbe yuko hapa hapa na miwani ya mama yake!"

Toleo hilo lilikuwa na historia fupi. Wasomaji walikuwa wameandika barua miezi na miezi, wakiuliza kwa nini nyuso kumi na mbili za mwaka zote ni za binti mmoja aliyebadilisha wigi. Barua hazikumshtua Madamu. Zilimshtua mwenye kampuni ya mafuta ya ngozi, aliyekuwa akinunua jalada la nyuma kila mwezi, naye akapiga simu. Ndipo Madamu akagundua kwamba nchi ina watu wengi.

"Geuka," alimwambia Kipusa. Kipusa akageuka. "Cheka. Usicheke sana." Kipusa akacheka, asicheke sana. "Haya. Ijumaa saa tatu. Usile vitu vya kukuvimbisha."

*

"Jalada la mbele?" Baba Kipusa aliuliza jioni ile. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anajisugua kucha kwa mafuta ya taa, ingawa wino wa kazini haukuwahi kutoka wote. "La mbele kabisa, si lile la nyuma la mafuta?"

"La mbele, Baba."

"Lenye jina la jarida juu ya kichwa?"

"Juu ya kichwa changu mimi."

Mzee akainuka, akamzunguka binti yake kama mtu anayekagua gari la kununua. "Leo shangazi yake mama yako angekuwa hai ningempelekea nakala mwenyewe," alisema. "Unajua siku nilipokwenda kuposa aliniambiaje? Saa nane mchana, jua linawaka. Akasema, 'Washeni taa jamani, tumwone mkwe!'"

Akaangua kicheko. Kisa hicho alikisimulia kwenye kila arusi na kila msiba, na siku zote alikuwa wa kwanza kucheka, kabla wengine hawajapata nafasi. Mama Kipusa alicheka naye kama alivyocheka kila mara. Kipusa hakucheka. Alikuwa akimtazama baba yake kwa namna ambayo mama mtu hakuipenda, kama vile kisa ndiyo kwanza anakisikia.

Baadaye mama na binti walipokuwa wanaosha vyombo, Kipusa alisema bila kuinua macho kwenye beseni:

"Mama, wewe ndiye utakayenisafisha?"

"Sasa nani mwingine? Fundi ni mimi."

"Usinisafishe."

"Kipusa..."

"Kachunusi ka kidevuni katoe, sikatai. Mengine niachie. Nataka mara moja tu nijione nilivyo, pale mahali wanapowekwa watu. Wale wa shule waone. Mwenye duka aone. Baba aone." Akasugua sufuria iliyokwisha takata zamani. "Niahidi, Mama."

Mama Kipusa alikuwa ameangalia ngozi za wanawake kwa ukaribu kuliko daktari, na hakuna aliyewahi kumwambia maneno kama hayo. Wengi waliomba zaidi. Moyo ulimuuma, tena ulimuuma kwa aibu, maana alikumbuka kwamba Kipusa alipokuwa mtoto yeye mwenyewe alikuwa akimzuia kucheza juani.

"Nakuahidi," alisema.

*

Picha ilipokuja, ilikuja vizuri mno. Dada mpigapicha alimpiga Kipusa mbele ya ukuta mtupu, gauni jeusi, mwanga unatoka upande mmoja, na ule weusi wake ulikuwa na kina, una bluu kidogo kwenye mashavu na dhahabu kidogo kwenye bega. Mama Kipusa alijisogeza mbele ya kioo, akasahau kusogeza kiti, na mtu wa kutoka chooni ikabidi amgonge begani mara mbili.

"Namba ngapi hiyo?" Madamu aliuliza nyuma yake.

"Kumi na moja, Madamu."

"Mpandishe."

"Nilidhani toleo hili..."

"Mpandishe mpaka sita. Sita, si tano. Nimekuwa mkarimu kwa sababu ni toleo maalumu." Akainama, akakitazama kioo. "Na pua hiyo mbane kidogo. Mengine achia, aonekane ni wa kwao."

Mama Kipusa alifanya kama alivyoamriwa. Paji, pua, macho, mashavu, shingo. Madamu akapita, akaridhika, akatia sahihi kwenye karatasi ya mfano, ile ya kuwaonyesha wachapaji rangi, akaenda uwanja wa ndege kuhudhuria maonyesho ya mavazi. Mlango ulipofungwa, Mama Kipusa akafungua faili la kwanza, lile la rangi namba kumi na moja. Akaondoa kachunusi ka kidevuni. Akakaa, mikono mapajani. Miaka kumi na tisa hakuwa na mkataba, alikuwa akilipwa kwa kurasa, na kufukuzwa kwake kungekuwa suala la kuambiwa tu kesho usije. Akafikiri kuhusu sufuria iliyokuwa inasuguliwa bila sababu. Akalituma kiwandani lile la kweli, na karatasi yenye sahihi ya Madamu akaisukumia ndani ya droo. Kule kiwandani hawakuwa wakiidai karatasi. Waliyaamini macho ya Baba Kipusa kuliko karatasi.

Je, amwambie mumewe? Alilipima jambo hilo njia nzima ya kurudi nyumbani, kwa miguu. Mzee alikuwa amebakiza miezi minane kustaafu. Kama kungekuwa na maulizo, ni heri awe hajui kitu. Isitoshe hakuwa mtu wa kuficha jambo. Hata zawadi ya sikukuu alikuwa akiitangaza mwenyewe kabla haijafungwa. Kwa hiyo akanyamaza. Mtambo ungechapa alichoupelekea, aliamini hivyo. Mwenyewe hakuwahi kuingia kiwandani hata siku moja.

*

Jumamosi alasiri Baba Kipusa alirudi na furushi la karatasi za kaki kifuani, kalikumbatia kwa mikono miwili. Njiani alikuwa amekwisha waalika watu: fundi viatu wa kibarazani, mama wa chumba cha pili na binti zake, mzee mstaafu wa posta ambaye hakuwahi kualikwa popote akakataa. Chumba kikajaa. Watu wakakaa kitandani, wengine wakasimama mlangoni.

"Nani afungue?" mzee aliuliza akitazama huku na huku. "Mwenye sura yake afungue!"

Kipusa akafungua. Alikuwa amevaa gauni lake zuri. Alikata kamba kwa meno, akafunua karatasi, akatoa nakala ya juu, ingali inanuka wino.

Watu wakamnyang'anya, jarida likapita mkono hadi mkono.

"Mashallah! Kumbe mrembo namna hii!"

"Mimi hata sikumjua! Nilidhani ni wale wa kwenye televisheni!"

"Kipusa, uliuficha wapi weupe wote huu?"

Walisema kwa nia njema kabisa, na ndiyo maana kila neno lilipenya. Kipusa aligeuza shingo polepole akamtazama mama yake.

"Uliniahidi," alisema kwa sauti ndogo, midomo tu.

Mama Kipusa akavuta nakala kutoka kwa fundi viatu. Sura ya jaladani ilikuwa na rangi ya chai iliyozidishiwa maziwa. Lakini haukuwa mkono wake. Mkono wake haugusi nguo, na hapa gauni jeusi lilikuwa limegeuka la majivu, ukuta umepauka, hata weusi wa macho umefifia. Yaliyobaki ni masikio madogo yaliyolala. Alitazama kucha za mumewe, zenye wino.

"Na msimsifie mama yake!" Baba Kipusa alikuwa akipaza sauti katikati ya chumba, jasho la furaha linamtoka. "Mama yake kazeeka huyu! Kasahau! Niko kwenye mtambo, karatasi ya kwanza inatoka, namuona mtoto mweusi vile vile, kama mimi nimechungulia dirishani. Nikasema hii mashine imeharibika. Nikaipiga teke!"

Watu wakacheka.

"Karatasi ya pili, vile vile. Ndipo nikajua, aa, hii si mashine, huyu ni Mama Kipusa kapitiwa, miwani yake ile. Sasa pale kwenye mtambo kuna kibandiko tangu nianze kazi, mwaka wa thelathini huu: nyuso za wanawake, punguza nyeusi. Nimewapunguzia watoto wa watu wote hao, nimwache wangu? Nikashika skrubu za wino mweusi, nikafunga moja, nikafunga nyingine. Karatasi mia tatu zimekwenda kwenye takataka mpaka kanitokea safi. Msimamizi anapiga kelele, 'Nani atalipa hizi?' Nikamwambia, 'Kata kwenye mshahara wangu. Huyo ni mwanangu.'"

Akamgeukia binti yake. Masihara yakamwondoka usoni mara moja, na Mama Kipusa, aliyekuwa amelala ubavuni mwa mtu huyu miaka ishirini na miwili, akaona sura asiyoijua.

"Sikutaka wakucheke, mwanangu," alisema. "Mimi wamenicheka sana."

Mzee wa posta akakohoa. Mama Kipusa alikuwa na la kusema, lilimfika mpaka kwenye ulimi: kwamba hakusahau, kwamba alimwacha mtoto vile kwa makusudi, kwamba rangi ya mtoto haina kosa. Lakini kulisema mbele ya watu wale kungekuwa kumvua mzee nguo. Akalimeza. Wakati huo huo akaelewa jambo ambalo sharti lao jema lilikuwa limemficha siku zote. Yeye alikuwa akimenya tabaka lake ofisini, mumewe akimenya lake kiwandani, juu ya wanawake wale wale, na kila mmoja akidhani kazi yote kaifanya yeye.

"Asante, Baba," alisema Kipusa.

Akambusu mkono wenye wino, akaenda kuwatengenezea wageni chai.

*

Madamu aliporudi safari alisimama mezani kwa Mama Kipusa, jambo asilolifanya kwa hiari.

"Safari hii umejishinda," alisema. "Mauzo yamepanda. Umempandisha kuliko nilivyosema, lakini sikulaumu. Nashukuru uliweka hisia za mama pembeni."

"Asante, Madamu," alisema Mama Kipusa. Alingoja ajichukie, na kweli alijichukia, kisha akaletewa picha nyingine.

Mwenye duka la vitambaa naye alilibandika jalada kwenye kioo cha mbele, na chini yake akaandika kwamba msichana huyu ni wa kwetu hapa. Wateja wakaanza kuuliza yuko wapi. Siku ya tatu akamwita Kipusa stoo, akamwomba kwa upole kabisa awe anapitia mlango wa uani. "Wakikuona hapa mbele na ile picha ipo pale, watu watachanganyikiwa," alisema. "Si unaelewa? Biashara." Kipusa alielewa. Akawa anapitia uani, kwenye maboksi na matope, na sura yake imekaa mbele kwenye upepo wa feni.

Kisha kampuni ya mafuta ikapiga simu. Ilitaka binti wa jaladani kwa matangazo ya mwaka mzima, na malipo waliyoyataja yalimfanya Baba Kipusa aombe yarudiwe. Yalizidi kiinua mgongo chake. Mama alimsindikiza binti. Walikaa kwenye viti vya ngozi, chini ya kipoza hewa, hadi dada wa mapokezi alipowakaribia.

"Mmeshahudumiwa?"

"Tumeitwa," Kipusa alisema. "Mimi ndiye wa jaladani."

Dada akacheka kidogo, akaona hawacheki. Alikwenda mezani kwake akachukua jarida. Akatazama, akamtazama, akatazama tena. "Labda ni mdogo wako?" alisema. "Mnafanana masikio."

Aliitwa bwana mmoja mwenye tai. Huyu alikuwa na adabu sana, na adabu yake ndiyo iliyokuwa ngumu kuvumilia. Alimwomba Kipusa asimame, akaishika picha karibu na uso wake, hakusema neno baya hata moja. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa kiti cha rangi tofauti na alichoagiza, lakini atafanyaje.

"Hakuna shida kabisa," alisema. "Nafasi tunakuwekea. Tukupe miezi miwili." Akaingia ndani, akarudi na mfuko wa karatasi wenye chupa nne. "Hizi ni zawadi kutoka kwetu. Asubuhi na jioni. Ukishafanana na picha yako, tupigie simu."

"Nisipofanana?" Kipusa aliuliza.

Bwana akatabasamu. "Utafanana. Mbona picha tunayo?"

Barabarani Mama Kipusa alinyoosha mkono auchukue mfuko. Alikuwa ameona pipa la taka kwenye kona, na alijua la kufanya. Kipusa akauhamishia mfuko mkono wa pili, wakaendelea kutembea.

*

Wiki tatu zikapita. Nyumba ikaanza kuwa na harufu mpya, tamu na kali kwa chini, harufu ya waridi na kitu cha hospitali. Baba Kipusa alikuwa ameliwekea jalada fremu akalitundika juu ya redio. Asubuhi moja binti yake alipompa maji ya kunawa, alimshika kidevu akamgeuzia kwenye mwanga. "Unaona?" alisema kwa furaha. "Umeanza kufanana." Akaondoka kwenda kazini akipiga mluzi.

Mama Kipusa hakwenda kazini asubuhi ile. Siku iliyotangulia alikuwa amekaa ofisini mpaka wengine wakatoka kula, akalifungua faili la kumi na moja, akalichapa kwenye karatasi nzito ambayo hairuhusiwi kuguswa bila kibali. Akaificha ndani ya khanga aliyobeba. Sasa aliingia nayo chumbani kwa binti yake. Kipusa alikuwa amekaa mbele ya kioo kidogo, chupa ya kwanza imekwisha, ya pili ipo wazi.

"Hii ndiyo niliyoituma," alisema mama.

Kipusa akaipokea. Aliitazama kwa muda mrefu: bluu ya mashavu, dhahabu ya bega, kidevu kisicho na chunusi.

"Kumbe ulitimiza ahadi."

"Nilitimiza, mwanangu. Mungu ni shahidi. Yale ya kule..."

"Najua ya kule. Alisema mwenyewe." Aliisogeza picha kwenye mwanga wa dirisha. "Kwa hiyo Baba ndiye mtu wa kwanza kuniona nilivyo, pale mbele."

"Ndiye."

"Na akaipiga teke mashine."

Mama Kipusa akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alijua mengi kuhusu sura ya mwanawe, kuliko mtu yeyote duniani, na hakupata hata moja la kumpa. "Baba yako anakupenda," alisema mwishowe.

"Najua. Ndiyo maana."

Kipusa alisema bila hasira. Angesema kwa hasira, mama angalau angepata pa kushika. Akailaza picha kifudifudi mezani, akaiwekea kifuniko cha chupa juu isipeperuke, akachovya vidole. Alianza na paji la uso. Kisha pembeni mwa pua, kisha chini ya macho, taratibu, kisha mashavu, shavu hili na lile. Hakuna aliyemfundisha. Mama yake alimtazama kwenye kioo, na vidole vyake mwenyewe, pale mapajani, vilikuwa vinafuata, hatua kwa hatua, kama viko kazini.

Kipusa akajifuta mikono. Akachukua kifuniko.

"Shingo," Mama Kipusa alisema. Neno lilimtoka kabla hajalisikia. "Umesahau shingo."

Wakatazamana kwenye kioo. Kisha Kipusa akakirudisha kifuniko mezani, akachovya tena.